Herufi za Maandazi na Chupa ya Kisesa

Doto, ambaye sasa anakalia kiti changu karibu na dirisha, ameniomba niandike yale mambo ya kazi ambayo hayamo kwenye kompyuta. Anataka vijana wapya wa karakana wayasome kabla hawajaanza kuchagua fonti. Nimekubali, lakini nitaandika juu ya herufi za aina moja tu. Hizi ndizo nilizozitumia kwa muda mrefu kuliko zote, na kwa sababu yake, mpaka leo, nikikaribishwa nyumbani kwa mtu natazama kwanza kwenye madirisha na chini ya meza kabla sijakaa.

Mnazijua. Ni zile nene, za mviringo, zisizo na kona hata moja, kama zimepulizwa hewa. Herufi a ni andazi lenye tundu dogo. Herufi m ni watoto wawili waliolala chini ya blanketi moja. Hazikai sawasawa kwenye mstari: moja imeinuka kidogo, nyingine imemwegemea jirani yake, nyingine utadhani inataka kujiviringisha iondoke. Kwenye kompyuta zina jina la Kizungu, tena si moja. Karakana nzima tuliziita maandazi, na mteja akisema "niwekee zile za kuchekesha" hatukumuuliza tena.

Siku ya kwanza niliingia karakana ya mabango ya Nyakato nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Nilidhani kuandika mabango ni kazi ya kukaa. Karakana ilikuwa nyuma ya kinu cha mafuta ya pamba, na harufu ya mashudu iliingia mpaka kwenye chai. Kabla ya mchana kiatu kimoja kilikuwa kimedondokewa rangi nyekundu, na doa lile halikutoka mpaka viatu vyenyewe vilipokwisha.

Aliyenipokea ni Mzee Magesa, fundi mkuu, Mjita wa upande wa Musoma, mwembamba, mtu asiyependa maneno. Alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, anapunguza ncha ya brashi kwa wembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kuandika?"

"Najua. Nimemaliza kidato cha nne."

"Nimeuliza kuandika, sijauliza shule. Chora sifuri."

Nikachukua brashi, nikachora sifuri kwenye kipande cha bati.

"Hilo ni yai," akasema. Nikachora nyingine. "Hicho ni kiazi." Nikachora nyingine, sasa kwa hasira kidogo. Akainamisha kichwa akaitazama vizuri. "Hicho nacho ni kiazi, ila kimechemshwa. Osha brashi. Kesho tena."

Nilichora viazi kwa muda mrefu. Mzee Magesa hakunieleza nakosea wapi; alinisubiri nione mwenyewe. Nilichokuja kukiona ni kwamba maandazi huanza na tundu. Unachora kwanza ule uwazi wa katikati, kisha unaujengea mwili kuuzunguka. Ukianza na unene, tundu litakosa mahali. Halafu joto la Mwanza hulainisha rangi ya mafuta, rangi inatambaa, na tundu uliloliacha dogo asubuhi jioni limeziba. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Mkizipunguza herufi hizi zikawa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, wino unajaza matumbo, na a, e na o zote zinakuwa vifungo vya shati. Ni herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Anayetaka kuandika aya nzima kwa maandazi anataka wasomaji wake waumwe kichwa.

Kifaa kingine alichonipa ni fimbo ya kuegemeza mkono, yenye kitambaa kilichofungwa kama ngumi kwenye ncha. Unaiegemeza ukutani, mkono wenye brashi unakaa juu yake, na kiganja hakigusi rangi mbichi. Fimbo hiyo ipo bado karakana, nyuma ya mlango. Sasa hivi inatumika kufungulia dirisha la juu. Sina ugomvi na jambo hilo.

Nilimwelewa vizuri Mzee Magesa kwenye shule ya chekechea ya Igoma. Tulikuwa tunaandika jina la shule ukutani, kwa maandazi, kila herufi na rangi yake. Mwalimu alikuwa amewapanga watoto mstari mbali na ukuta, lakini mwalimu aliitwa, na mstari ukavunjika. Mtoto mmoja wa kike akaja hadi ukutani, akaweka kidole kwenye o ya njano iliyokuwa bado mbichi, akakilamba.

Sijawahi kumwona Mzee Magesa akikimbia isipokuwa siku ile. Alimshika mtoto kidevu, akamfuta ulimi kwa ncha ya shati lake, akamsukutua kwa maji, akamfuta tena. Mtoto alilia kwa sababu ya shati, si kwa sababu ya rangi. Akabaki salama. Baadaye, tulipokuwa tunafunga makopo, mzee alinigeukia.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mzee. Watoto hawana akili."

"Ana akili kukuzidi. Hajui kusoma, lakini ameshasoma. Herufi imemwambia kitu kitamu, naye amesikia." Akafunga kopo la mwisho kwa kisigino. "Leti, haya maandazi usiyaandike mahali mtu anapotakiwa aogope."

Nilidhani anatania, kwa sababu siku chache kabla yake tulikuwa na kesi ya kiwanja. Mwenye kiwanja kimoja pale Nyakato alitaka ukuta wake uandikwe kwamba kiwanja hakiuzwi. Matapeli walikuwa wanakiuza kila mwezi. Alikuwa ameyaona maandazi kwenye kibanda cha juisi, akayapenda, akayataka hayo hayo. Mzee alimkataza, yeye akang'ang'ania, tukaandika. Baada ya hapo akarudi analalamika: watu walikuwa wanapita, wanasoma, wanatabasamu, halafu wanabisha hodi kuuliza bei. Tukaufuta ukuta, tukaandika upya kwa herufi za mraba, nyeusi, zenye ncha. Hodi zikakoma.

Nilikutana na mengine ya namna hiyo. Kuna familia iliyotuletea ratiba ya mazishi ya babu yao, jina la marehemu likiwa kwa maandazi, kwa sababu binti wa mwisho alisema babu alikuwa mcheshi. Nilipanga ratiba ile nikiwa nimekunja uso, na kila nilipoitazama ilinitabasamia. Mwisho nikamwita binti, nikamwekea karatasi mbili mezani, moja ya maandazi, moja ya herufi nyembamba. Alitazama, akaziba mdomo, akachagua ile nyingine. Wateja wengi hawana shida. Wanataka tu kuonyeshwa kabla hawajachapiwa.

Mzee Magesa aliondoka macho yalipoanza kumsumbua. Alirudi kwao, akaniachia fimbo. Kisha kompyuta zikaingia, na maandazi yakaja ndani yake yakiwa yameshakaangwa. Kitu kilichonichukua miezi ya viazi, mtu sasa alikipata kwa kubonyeza. Sikununa. Mgongo wangu ulifurahi. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba kompyuta haisiti. Mkono wenye brashi ukipelekwa mahali pabaya unakuwa mzito, unapata muda wa kujiuliza. Kompyuta inaandika "karibu" na "hatari" kwa furaha ile ile.

Sasa niwaeleze habari ya Shija.

Shija ni mwenye duka la dawa za mifugo na pembejeo pale Kisesa, barabara ya Musoma, jirani na mnada wa ng'ombe. Ni mtu mwema, mkarimu, mwenye sauti kubwa. Alikuja karakana mwaka mmoja kabla sijastaafu, akakaa kwenye kiti cha wateja mpaka kikalia.

"Mama Leti, nataka lebo mpya. Niwekee zile za kuchekesha."

"Za nini?"

"Za dawa ya kupe."

"Za kuchekesha kwenye sumu?"

"Si sumu bwana, ni dawa."

"Ya nani?"

"Ya kupe!"

"Basi kupe wakija kuisoma watacheka sana."

Doto alicheka kule kwenye kompyuta yake, kisha akatoka kununua wino. Shija naye akacheka, lakini hakuacha. "Wewe nichezee tu. Sikiliza. Josho la kijiji limekauka zamani, kila mtu anaogesha ng'ombe wake nyumbani kwa bomba. Wanaume wengi wako machimboni. Ng'ombe wawili watatu wa maziwa wanabaki na kinamama. Sasa mama anaingia dukani, anaona fuvu la mtu na maandishi membamba kama miguu ya mende, anageuka. Kupe wanaua ng'ombe wake. Mimi nataka chupa inayosema karibu."

Hoja yake haikuwa ya kijinga, na ndiyo maana ilinisumbua. Nilikuwa nimeona ng'ombe wanaokufa kwa kupe, nikaona na nyumba zinavyobadilika maziwa yakikatika. Lakini nilimwambia dawa ile haitakiwi kumkaribisha mtu. Nikamwahidi herufi kubwa, zinazosomeka vizuri, za mraba. Akasema atafikiria. Akaaga kwa heshima, nami nikaona yamekwisha.

Wiki ile shangazi yangu alifariki Ukerewe, nikavuka kwenda kumzika. Niliporudi, Doto alinipokea mlangoni ana furaha.

"Shikamoo Mama Leti, pole na msiba. Njoo uone. Mzee Shija amefurahi mpaka ametununulia soda wote."

"Amefurahia nini?"

Juu ya meza ilikuwepo chupa ya plastiki. Nilijua ilikuwa chupa ya juisi. Mabega yake niliyafahamu kwa kuwa kila kibanda cha Mwanza kinauza juisi ile. Ilikuwa imeoshwa. Ilizungushiwa lebo ya kijani na njano, na juu yake, kwa maandazi yaliyopangwa vizuri ajabu, iliandikwa DAWA YA KUPE. Doto alikuwa ameweka na ng'ombe mdogo anayecheka. Maelezo ya hatari yalikuwa chini, nayo kwa maandazi, madogo kuliko ukucha. Matundu yote yalikuwa yameziba wino.

"Doto, nani amekubali hii?"

"Alisema mlishaongea."

"Tuliongea. Nilikataa."

"Hilo hakulisema."

"Na hii chupa ya juisi ni ya nini?"

"Ndiyo anayowekea. Ananunua dawa kwenye dumu kubwa, anawagawia wenye ng'ombe wachache kwenye chupa ndogo. Anasema wote Kisesa wanafanya hivyo." Sauti yake ikapungua. "Mama Leti, nilidhani ni lebo tu ya kubandika kwenye rafu. Chupa hii ameileta jana kunishukuru."

"Lebo amechukua lini?"

"Alipoleta soda aliniambia ameshaanza kuuza."

Tulimpigia Shija simu. Haikupatikana. Ilikuwa siku ya mnada, na siku ya mnada Shija huiacha simu inachaji mahali anapopasahau. Nikamwambia Doto awashe kirikuu, kile kigari kidogo cha kubebea mabango.

Nataka mjue nilichokiona njiani, kwa sababu nilipita barabara ile maisha yangu yote na sikuwahi kukiona. Kuanzia Nyakato mpaka Igoma, upande huu na upande ule, maandazi yalikuwa yananitazama. Kwenye boksi la baiskeli ya muuza barafu. Kwenye kibanda cha biskuti. Kwenye ukuta wa chekechea, ile ile ya o ya njano, imepakwa upya mara nyingi. Kwenye saluni ya watoto, kwenye duka la keki, kwenye ndoo ya ubuyu. Mengi niliyaandika kwa mkono wangu. Mtoto wa barabara ile hajaijua hata irabu moja, lakini tangu anajifunza kutembea ameshafundishwa kwamba umbo hili likionekana, ndani kuna kitu kitamu, na mara nyingi akililia anapewa. Nilikuwa mwalimu wake.

"Mama Leti, sema kitu," Doto akaniambia.

"Ongeza mwendo. Lakini usigonge mbuzi."

Shija tulimkuta dukani, anahudumia watu wawili kwa mpigo. Chupa zilikuwa zimepangwa kwenye kaunta, na kaunta hiyo hiyo ilikuwa na soda, kwa sababu ndipo penye kivuli. Kutoka mlangoni, kwa macho yangu ya uzee, sikuweza kuzitenganisha.

"Mwadila mayu!" akanisalimia kwa Kisukuma, kwa sauti ya furaha. "Umekuja kuona mtoto wako? Zinakwenda, nakwambia zinakwenda!"

"Zimekwenda kwa nani?"

"Kwa kinamama, si nilikwambia?"

"Shija, zitoe hapo. Zote. Kuna mtu aliyenunua ana mtoto mdogo?"

Akanitazama kama ninamwonea. Kisha akageuza shingo, akatazama kaunta kutoka upande wangu, yaani upande wa mlango. Sijui aliona nini, lakini mikono yake ilianza kuzikusanya chupa kabla hajanijibu.

"Minza," akasema. "Minza kachukua asubuhi. Anaye Kabula, na yule mdogo wa kiume."

Alimwachia mkewe duka, akapanda nyuma ya kirikuu. Nyumba ya Minza haikuwa mbali, ni baada ya mashamba ya mpunga, lakini njia ilikuwa mbovu, na Shija kule nyuma alikuwa anapiga bodi kwa kiganja kila tulipopunguza mwendo.

Minza alikuwa zizini, anafunga ndama. Alituona tunashuka watatu kwa haraka, akadhani tumeleta msiba.

"Dawa umeiweka wapi?" Shija akauliza bila salamu.

"Dirishani. Kuna nini?"

Dirishani hakukuwa na kitu.

Nikazunguka nyumba. Nyuma, kwenye kivuli cha ukuta, mtoto wa kike wa umri wa chekechea alikuwa amefungua duka. Alikuwa amepanga makopo matupu, mabunzi ya mahindi, kandambili moja, na katikati, mahali pa heshima, chupa ya Shija. Kizibo kilikuwa pembeni. Mbele ya chupa alikuwa ameweka vizibo vya soda kama vikombe, na viwili vilikuwa vimejaa.

Niliwahi kusoma mahali kwamba mtoto ukimpigia kelele akiwa na kitu mkononi, hukikimbiza mdomoni. Sijui kama ni kweli. Nilichofanya ni kuchuchumaa, magoti yakalia, nikachuma majani ya mchongoma uliokuwa karibu.

"Hodi dukani," nikasema. "Unauza nini, mama?"

"Juisi," akasema Kabula.

"Tamu?"

"Tamu. Ya ng'ombe." Akanionyesha ng'ombe anayecheka.

"Umeshaionja?"

Akanitazama kwa dharau ya mfanyabiashara. "Ya kuuza hii!"

"Nani ameshanunua?"

"Bado. Nilisema mtoto aje kununua, amelala."

Nilisikia Minza nyuma yangu anavuta pumzi, na Shija anamshika mkono asikimbie. Nikanyoosha majani yangu yote.

"Basi nanunua yote. Chupa, vikombe, na kizibo. Usiguse, nitabeba mwenyewe."

Kabula alipokea majani, akayatazama, akaona yanatosha. Akasogea nyuma kumpisha mteja. Nilifunga chupa, nikamwaga vile vizibo mbali, ndipo Minza akapita mbele yangu akamnyanyua mtoto.

Vidole vya Kabula vilikuwa vinanuka dawa. Tulimnawisha kwa sabuni mpaka akalia, tukamvua gauni, tukampeleka zahanati, na mdogo wake aliyelala tukambeba pia kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika. Tulikaa kwenye benchi. Shija alikuwa anamtazama mtoto akipepesa macho, na kila mtoto akipiga miayo Shija alisimama. "Mbona anasinzia? Nesi, mbona anasinzia?" Nesi akamjibu kwamba anasinzia kwa kuwa wamemliza sana, na kwamba yeye mwenyewe Shija ndiye anayeonekana mgonjwa. Walituweka mpaka walipojiridhisha. Watoto wote wawili hawakuwa wamemeza kitu.

Minza hakumtukana Shija. Alimwambia jambo moja tu walipokuwa wanaagana. "Kaka, mimi mwenyewe niliinunua kwa sababu ilikuwa nzuri."

Shija alirudi mnadani. Yule anayetangaza bei za ng'ombe kwa kipaza sauti aliombwa aache ng'ombe kwanza, na alitangaza kwa Kisukuma na Kiswahili kwamba kila aliyenunua chupa yenye ng'ombe anayecheka airudishe, apewe dawa kwenye chombo cha kiwandani. Watu walirudisha. Wengine walikuja na chupa wanacheka, wanauliza kama ng'ombe amenuna. Shija aliwajua wanunuzi wake karibu wote kwa majina. Mmoja tu hakumjua: mama aliyekuwa anapita njia, ana safari ya kwenda pwani ya ziwa, akanunua, akapanda gari. Chupa ile haikurudi. Mpaka leo haijarudi. Ndiyo ninayoitafuta kwenye madirisha ya watu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mimi na Doto. Shija aliacha chupa za juisi, akarudi kwenye vyombo vya kiwandani, lakini alihitaji lebo kubwa ya Kiswahili ya kubandika juu yake, ambayo mama wa Kisesa ataisoma bila miwani. Doto alitaka kuifanya mwenyewe. Alikaa nayo siku nzima bila kupiga soga. Alileta herufi za mraba, zenye ncha, zenye nafasi ya kutosha kati yake, nyeupe juu ya nyekundu. Mimi niliiona nzuri. Lakini nilikuwa nimeshaacha kuamini macho yangu, kwa hiyo nilimwomba Minza aje na Kabula, tuone mtoto atafanya nini nayo.

Tukakutana dukani kwa Shija. Tulibandika lebo kwenye chombo kitupu, kipya, tukakiweka juu ya kiti. Kabula alikuwa anamsubiri mama yake mlangoni. Alikiona, akaja moja kwa moja, akakikumbatia.

"Soda," akasema.

Ilikuwa ile nyekundu, rangi ya kreti za soda. Doto aliibandua lebo, akaikunja akaitia mfukoni.

Alirudi na nyingine baada ya siku chache. Njano na nyeusi. Kona kila mahali, herufi nyembamba kidogo kuliko nilivyozoea lakini ndefu, zimesimama wima kama miiba ya mkonge, matundu yote wazi. Fuvu limerudi, kubwa. Ng'ombe hayupo. Akakiweka chombo juu ya kiti kile kile, akarudi nyuma mpaka kwenye magunia ya mbegu, akakunja mikono.

Kabula aliingia anakimbia. Akasimama. Alitazama lebo kwa muda, kisha akarudi kinyumenyume bila kuigeuzia mgongo, mpaka alipoufikia mguu wa mama yake, akajifunika uso kwa kitenge.

"Inang'ata," akasema kutoka ndani ya kitenge.

Doto alinitazama, macho yamemlegea, kama mtu aliyempiga mtoto.

"Mama Leti, tumemtisha."

"Chapa," nikamwambia.